Kanisa la kijijini Urambo limepita mikono mitatu: tunathibitishaje nani alianza na lini lilibadilika?

Karani wa Jubilei

Wakuu salaam, wazee shikamooni.

Kamati ya jubilei ya kanisa moja la kijijini wilaya ya Urambo inaandaa kijitabu cha historia. Leo kanisa ni la Kipentekoste. Kabla ya hapo lilikuwa la Moravian, hilo halina ubishi. Ubishi uko nyuma zaidi. Wazee wanasema "walianza Waingereza, wakaja Wajerumani, kisha wakarudi Waingereza". Vijana wa kamati wanasema wazee wamechanganya, kwa sababu shuleni tumefundishwa Mjerumani ndiye alitangulia.

Vilivyopo mkononi:

- Daftari la ubatizo lenye jalada gumu, linaanza namba 1 mwaka 1927 na kuishia 1974.
- Daftari la pili, kuanzia 1979.
- Kengele ya chuma yenye maneno ya Kijerumani na mwaka 1906.
- Makaburi ya zamani nyuma ya jengo. Mawe yake yamelazwa, hayakusimamishwa.
- Bahasha ya barua ambazo panya wamezila pembeni.

Tunaomba msaada wa mambo matatu. Wazee wako sahihi? Mwaka wa kuanza tuandike upi: 1906, 1927 au mwingine? Na mabadiliko ya kwenda Upentekoste tuyathibitishe vipi wakati hakuna muhtasari wa kikao hata mmoja?

---

Kabati la Nyaraka

Wazee wako sahihi. Andikeni mpangilio wao jinsi walivyousema, msiunyooshe.

Misheni ya London, ambayo vitabuni utaikuta kama LMS, ilifika Ujiji mwaka 1878. Mwaka uliofuata ikafungua kituo Urambo kwa ridhaa ya Mtemi Mirambo. Daktari wao, Ebenezer Southon, alifia hapo Julai 1882 baada ya kujeruhiwa na risasi iliyofyatuka kwa ajali. Mirambo alifariki Desemba 1884. Bendera ya Wajerumani ilipandishwa Tabora mwaka 1890. Kwa hiyo Mwingereza wa misheni alikuwa Urambo zaidi ya miaka 10 kabla ya Mjerumani wa serikali. Vijana wenu wanachanganya historia ya utawala na historia ya misheni, na hizo ni ratiba mbili tofauti.

Mwaka 1898 LMS waliwakabidhi Wamoravian kazi ya Urambo. Hao ndio "Wajerumani" wa wazee: makao yao yalikuwa Herrnhut, Ujerumani. Vita vya kwanza vilipofika, Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, na mwaka 1917 wakawaachia Waingereza. Wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Baada ya vita Wamoravian wa Denmark ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya Unyamwezi. Mzee akikwambia "wakarudi Waingereza", muulize: anasema serikali au anasema kanisa? Mzungu wa kanisani miaka hiyo anaweza kuwa Mdenmaki, na kijijini kila mzungu wa wakati wa Mwingereza aliitwa Mwingereza.

Kabla hamjagusa daftari, kubalianeni kwenye kamati mnachofuatilia ni kipi kati ya vitu vitatu: misheni, waumini, au jengo. Vijitabu vingi vya jubilei huharibikia hapa. Mwaka 1898 misheni ilibadilika lakini muumini wa kijijini hakupiga kura wala hakuulizwa. Aliamka na kukuta mwalimu anatumwa na watu wengine. Nassa, kule Usukuma, ilikuwa hivyo hivyo: CMS, misheni ya Waanglikana wa Uingereza, walikabidhi kituo kwa misheni nyingine, Africa Inland Mission, mwaka 1909. Hayo ni makabidhiano. Mabadiliko yenu ya miaka ya 1970 ni ya aina nyingine kabisa, pale waumini wenyewe walihama au walihamishwa. Mkiyaandika yote kwa neno moja "kanisa lilibadili dhehebu", msomaji atadhani kulikuwa na ugomvi mara mbili.

Sasa daftari la 1927. Namba 1 mwaka 1927 haimaanishi kanisa lilianza 1927. Maana yake ni kwamba mwaka huo kijiji kilipewa daftari lake. Kabla ya hapo watu wa vituo vya nje walibatizwa kituo mama na kuandikwa huko. Jinsi ya kupima: soma safu ya wazazi kwenye kurasa za mwanzo. Kama baba na mama wa watoto wa 1927 tayari wana majina ya ubatizo, wakina Yohana na Maria, basi mna kizazi kizima cha Wakristo kabla ya daftari. Kama wazazi wote wana majina ya asili matupu, waliobatizwa mwaka huo ndio wa kwanza. Kazi hii ni ya jioni moja na inajibu swali lenu zaidi ya kengele.

Usitegemee kupata daftari la ubatizo la LMS. Walibatiza watu wachache sana Urambo kwa miaka yote waliyokaa. Walichoacha kwa wingi ni barua kwenda London, na hizo zipo hadi leo katika maktaba ya SOAS, chuo kikuu cha London, kwenye mafungu ya barua za Afrika ya Kati. Za Wamoravian ziko kwenye hifadhi yao ya Herrnhut, Ujerumani. Tahadhari ni kwamba mwandiko wa Kijerumani wa zamani hausomeki na mtu aliyejifunza Kijerumani cha leo pekee. Ukiandika kuomba, taja jina la kijiji kwa tahajia zote unazoweza kufikiria, jina la mtemi wa wakati huo, na mto au kilima cha jirani. Vijiji vingi viliandikwa kwa jina la mtemi, na mtemi akifa jina la kijiji kwenye ramani linakufa naye.

---

Mwana Ujiji

Naunga mkono yote, isipokuwa naona kengele imepitwa haraka mno.

Mwaka kwenye kengele ni mwaka wa kuyeyushwa, si mwaka wa kutundikwa. Kengele za chuma za Kijerumani ziliagizwa kwa meli mpaka pwani, na reli haikufika Tabora hadi 1912 (Kigoma 1914). Kabla ya hapo mzigo mzito ulibebwa na wapagazi. Kengele ya 1906 kufika kijiji cha ndani kabla ya reli inawezekana, ila uwezekano mkubwa zaidi ni kwamba ilitundikwa kwanza kituo kikubwa, kisha kijiji kikarithi pale kituo kiliponunua mpya. Angalieni vitu viwili. Kwanza, tundu za bolti kwenye kichwa cha kengele: kama kuna tundu ambazo hazitumiki kwenye mti wa sasa, iliwahi kufungwa kwingine. Pili, someni maandishi yote kwa kuzungusha, msiishie upande unaoonekana kutoka chini. Jina la kiwanda huwa upande mmoja, na mstari wa Biblia au jina la kituo upande wa pili. Pakeni unga wa mahindi au chaki kwenye herufi, futeni juu kwa kitambaa kikavu, herufi zitabaki nyeupe. Msisugue kwa msasa wala brashi ya waya.

Mawe ya makaburi kulazwa ni dalili nzuri ya Moravian. Desturi yao tangu Herrnhut ni mawe bapa yaliyo sawa kwa wote, tajiri na maskini. Waulizeni wazee kama walikuwa wakienda makaburini alfajiri ya Pasaka. Wakisema ndiyo, na wakaeleza kwamba ibada ilianza giza likiwapo, mmepata ushahidi wa liturujia ambao daftari halina.

Chanzo kingine ambacho watu hukisahau ni majirani Wakatoliki. White Fathers walifika Tabora 1878 na Ujiji mwanzoni mwa 1879, na kila kituo chao kilitakiwa kuandika shajara ya kila siku. Waliwaandika Waprotestanti kwa jicho la mshindani, kwa hiyo mwalimu mpya akifungua darasa la ubatizo ng'ambo ya mto, wao wanaandika tarehe. Shajara ni za Kifaransa. Jimbo kuu la Tabora ndipo pa kuanzia kuuliza.

Na kwa wasomaji wa Kigoma: msiichukue tarehe ya Tabora mkaibandika kwetu. Wabelgiji waliondoka Tabora 1917, lakini Kigoma na Ujiji walibaki hadi 1921. Tena kule Kasulu na Kibondo kuna makanisa ya Anglikana yanayosema "tulibadilika 1966". Hawakubadili dhehebu. Ni dayosisi ya Western Tanganyika iliyozaliwa mwaka huo kutoka Central Tanganyika ya Dodoma. Mhuri ulibadilika, ibada ikabaki ile ile.

---

Mlango wa Sakristia

Nijibu la tatu, la Upentekoste, maana hapo daftari lenyewe linasema bila muhtasari wa kikao.

Moravian hubatiza watoto wachanga. Wapentekoste hubatiza anayekiri mwenyewe, kwa maji mengi, na watoto huwekwa wakfu tu. Kwa hiyo fungueni daftari la 1979 mwangalie safu ya tarehe ya kuzaliwa dhidi ya tarehe ya ubatizo. Kama umri wa chini kabisa ni miaka kumi na kitu, daftari ni la Kipentekoste tangu ukurasa wa kwanza. Kama watoto wa miezi wapo hadi ukurasa fulani halafu wakakoma, mabadiliko yako kwenye ukurasa huo na mna tarehe karibu kamili.

Kisha linganisheni majina ya madaftari mawili. Mtu aliyebatizwa mchanga 1950 na kuonekana tena akibatizwa 1979 ni yule yule aliyehama na kanisa. Mkiwa na wengi wa namna hiyo, waumini ndio waliobadilika. Mkikosa majina ya kufanana, waumini wa zamani walikwenda kwingine na jengo likapata watu wapya. Hizo ni historia mbili tofauti kabisa hata kama paa ni moja.

Tafuteni pia maneno ya pembeni kwenye daftari la zamani: "ametengwa", "amerudi kundini", "amehamia", "amepokelewa". "Amepokelewa" ina maana ubatizo wake wa kwingine ulikubaliwa. Mchungaji wa Moravian angempokea Mlutheri au Mwanglikana hivyo. Mpentekoste kwa kawaida asingefanya, angembatiza upya. Neno hilo likitoweka ghafla, someni ukurasa huo kwa makini.

Pengo la 1974 hadi 1979 msilijaze kwa kubuni. Amri ya kuhamia vijijini ilitolewa mwishoni mwa 1973, watu wote wawe kwenye vijiji vya ujamaa ifikapo 1976. Kwenye pengo kama hilo kanisa la zamani hubaki porini na waumini wake hutawanywa kwenye vijiji viwili vitatu. Wakifika huko wanasali pamoja na majirani wapya chini ya mwembe. Mwinjilisti anayekuwepo ndiye anayewakusanya, awe wa dhehebu gani. Watu hawakukaa kikao kuamua kuwa Wapentekoste. Ndiyo maana muhtasari haupo, na huenda haukuwahi kuwepo.

---

Kabati la Nyaraka

Nyongeza kwa hapo juu, maana ni Urambo. Kulikuwa na mihamo mingine kabla. Serikali ya Mwingereza ilikusanya watu kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, hasa miaka ya 1920 na 1930. Ukiona kwenye daftari kijiji kizima "kimehamia" ndani ya mwaka mmoja, fikiria mbung'o kabla ya kufikiria ugomvi wa kanisa. Kisha ukaja mpango wa karanga, Urambo ikiwa moja ya sehemu tatu pamoja na Kongwa na Nachingwea, kuanzia 1947 hadi ulipokufa 1951. Vibarua walitoka kila kona na madhehebu yao. Na 1972 wakimbizi wa Burundi waliwekwa Ulyankulu, nao wakaja na makanisa yao kamili, wachungaji na kwaya. Ulizeni wachungaji wa kwanza wa Kipentekoste walitoka wapi. Jibu likiwa Ulyankulu, ni njia moja. Likiwa Nkinga, kwenye hospitali ya FPCT (kanisa la Free Pentecostal Church of Tanzania) iliyoanzishwa na misheni ya Waswidi, ni njia nyingine.

---

Karani wa Jubilei

Asanteni sana wakuu. Tumefungua daftari la kwanza. Wazazi wa 1927 karibu wote wana majina ya ubatizo. Ila kuna jambo linatutatiza: kuanzia 1927 hadi 1938 mwandiko ni mmoja, wino mmoja, na hakuna hata kosa lililokatwa. Baada ya hapo miandiko inabadilika kila baada ya miaka michache.

Pia tumeulizwa na wazee wa upande wa Moravian kama kijitabu hiki kitatumika kudai kiwanja. Na kamati inataka kuagiza kitenge cha jubilei wiki hii chenye mwaka.

---

Mwana Ujiji

Daftari hilo ni nakala. Mtu wa 1938 alikaa akanakili daftari lililochakaa au kuliwa na mchwa. Hakuna ubaya, ila tarehe za kabla ya 1938 zichukuliwe kama nakala: siku na mwezi vinaweza kuteleza, na marehemu mara nyingi walirukwa. Hesabuni namba. Zikipanda mfululizo bila kuruka hata moja wakati tarehe zinarudi nyuma na mbele, mnakili alipanga namba upya, na namba za zamani kwenye vyeti vya watu hazitalingana. Ombeni wazee wawili watatu walete vyeti vyao vya ubatizo au vya wazazi wao mlinganishe.

Pigeni picha kabla ya kuendelea kulifunua, kwa sababu kila kufunua kunavunja uti wa daftari. Simu ya kawaida inatosha. Meza karibu na dirisha, mwanga wa pembeni wa asubuhi, flashi imezimwa. Mikono mikavu iliyonawiwa, bila mafuta. Piga jalada, uti, kisha kila ukurasa mmoja mmoja pamoja na kurasa tupu, maana ukurasa tupu ni ushahidi wa pengo. Namba ya ukurasa ionekane. Kama haipo, weka kikaratasi chenye namba pembeni, usiandike juu ya daftari. Nakala moja ibaki kwenye simu, moja kwenye flashi ya katibu, moja mpeleke ofisi ya jimbo la Moravian Tabora, kwa sababu hao ndio wenye daftari kihistoria. Mkiwatangulia kwa nakala, watawafungulia kabati lao la Urambo bila maneno mengi.

Msilaminishe barua zilizoliwa na panya. Joto na plastiki vinamaliza kilichobaki. Ziwekeni bapa ndani ya bahasha za karatasi, kwenye sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali, mbali na ukuta.

---

Hati na Mipaka

Suala la kiwanja litengeni na kijitabu, na mlitenge kwa maandishi. Ukurasa wa mbele uandikwe wazi kwamba ni historia na si madai ya umiliki. Bila hivyo wazee wa Moravian hawatazungumza, na wako sahihi kunyamaza.

Umiliki hauthibitishwi na nani alibatiza. Kanisa haliwezi kumiliki kwa jina la usharika wa kijijini. Humiliki kupitia bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura 318. Usajili wa kanisa lenyewe kama jumuiya uko kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, Sura 337. Kwa hiyo ulizeni mambo mawili. Kuna hati ya zamani ya misheni kwenye eneo hilo? Upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ndio unaojibu. Kama hakuna, eneo liko chini ya halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na swali linakuwa kijiji kilimpa nani na kwa muhtasari upi. Kosa la kawaida ni kwamba kanisa jipya huchukua jengo tupu kwa ruhusa ya mdomo ya mwenyekiti, halafu miaka 30 baadaye dhehebu la zamani linakuja na hati ambayo haikuwahi kufutwa. Kujua mapema kuna nafuu kuliko kujua siku ya kuweka jiwe la msingi la jengo jipya.

---

Mlango wa Sakristia

Kitenge kisubiri. Fundi wa kuchapa akishakata skrini, kubadili mwaka ni gharama ya skrini mpya.

Na msiandike 1879 kama mwaka wa kanisa lenu. Huo ni mwaka wa kituo cha LMS Urambo. Wala 1891 ambao mtauona kwenye vitenge vya Moravian wa kusini. Ule ni wa Rungwe. Kwenye vitabu vya makanisa ya Tabora mwaka wa Rungwe umenakiliwa mara nyingi kwa sababu tu neno Moravian limefanana.

Mpaka daftari la kituo mama lifunguliwe, mnachoweza kusimamia ni hiki: Wakristo walikuwepo kijijini kabla ya 1927. Wekeni kwenye kitenge jina la kijiji na neno Jubilei, bila mwaka wa kuanza. Mwaka wa sherehe unatosha, na huo hauna mbishi.

---

Karani wa Jubilei

Tumesimamisha oda. Mwenyekiti anakwenda Urambo Jumatatu na nakala za picha kwenye flashi, pamoja na barua ya utambulisho yenye mhuri wa kijiji. Tukiruhusiwa kufungua daftari la kituo mama, tutabandika hapa majina ya safu ya wazazi bila ya watoto, ili wenye macho ya mwandiko wa Kijerumani watusaidie.

Kabati la Nyaraka

Bandikeni na kurasa mbili za kabla na mbili za baada, si ule ukurasa wenye jina la kijiji pekee. Mwandiko wa Kijerumani husomwa kwa kulinganisha herufi za maneno yanayojulikana, na majina ya miezi ndiyo rahisi kuanzia.